Mkalimani wa Malisho ya Juu

“Mkandamize vizuri, huyu ana mateke,” kaka alimwambia dada yake mkalimani.

Mkalimani alipiga goti ubavuni mwa kondoo, akamshika miguu ya nyuma kwa mikono miwili. Mkasi ukaanza kupita. Sufu ilibanduka vipande vipande, nyeupe kwa ndani na rangi ya vumbi kwa nje, ikaangukia gunia lililotandikwa uani. Kondoo alihema mbio mbio, jicho moja limemkodolea mkalimani kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mkasi.

“Leo utakaa upande gani?” kaka aliuliza bila kuinua kichwa.

“Upande gani wa nini?”

“Usijifanye hujui. Kwenye mkutano.”

“Nitakaa katikati, kaka. Siku zote nakaa katikati.”

“Katikati hata mbwa wangu hakai. Naye akiona ugomvi huchagua wa kumng’ata.”

Wifi, aliyekuwa akikusanya sufu, alicheka. Alipoona mumewe hacheki, akakimeza kicheko chake na kuinamia gunia.

Kaka alikuwa na sababu ya kuuliza. Mlima ulikuwa mmoja lakini nchi zilikuwa mbili, na waliochora mpaka zamani hawakujali kufuata mgongo wa mlima. Malisho ya juu, yale majani mafupi yaliyolisha kondoo wa kijiji kizima, yalibaki huku. Maji yake yakateremkia kule. Miaka yote hiyo haikumsumbua mtu, mpaka mvua zilipobadilika zikawa za kumwagwa kama kwa ndoo, na majani ya juu yakaliwa hadi udongo ukaonekana. Sasa kila masika tope lilishuka upande wa pili na kusomba mashamba. Serikali mbili zikakaa, mataifa ya mbali yakaahidi msaada, ukazaliwa mradi wa kuuponya mlima. Leo wajumbe wa upande wa pili walikuwa wanakuja kuwaomba watu wa huku wayaachie malisho ya juu.

Na katika kijiji kizima mtu aliyezijua lugha zote mbili sawasawa alikuwa yeye tu. Aliolewa kule akiwa msichana, akarudi akiwa mjane, hana mtoto, ana mzigo mmoja kichwani. Kule walikuwa wakimwita “yule wa huko juu.” Huku, aliporudi, watoto walimcheka kwa lafudhi yake, wakampa jina la Redio. Jina lilimganda, kwa sababu ndivyo alivyopata riziki: siku za gulio la mpakani alikaa kwenye kigoda kati ya muuza viazi na mnunuzi, kati ya fundi viatu na mwenye ngozi, akasema alichosema huyu kwa yule. Alijifunza kukaa mahali ambapo wote wawili wanauona mdomo wake. Alijifunza kutoanza kabla mwenzake hajamaliza. Zaidi ya yote alijifunza kusema “mimi.” Muuzaji akisema, “Mimi sishushi bei,” naye husema, “Mimi sishushi bei,” wala hasemi, “Huyu anasema hashushi.” Wakalimani wabovu husema “huyu anasema,” ndiyo maana watu hugeuka kuwatazama wao badala ya kutazamana.

Kaka alimwachia kondoo. Mnyama akasimama uchi, mwembamba kuliko alivyodhaniwa, akakimbilia wenzake.

“Ulipofukuzwa na wakwe zako nani alikupokea?” kaka aliuliza.

“Wewe.”

“Chumba unacholala ni cha nani?”

“Chako, kaka.”

“Sikusimangi. Nakukumbusha tu. Leo wewe ni mdomo wetu. Nikisema hapana, iseme kwa nguvu niliyoitia mimi. Wao wakilia lia, usiwasaidie kulia.”

Alijifuta mafuta ya sufu kwenye sketi. Alikwenda kunywa maji ya uvuguvugu, kama afanyavyo kabla ya kazi yoyote, ili koo lisimsaliti.

*

Mkutano ulikuwa katika darasa la shule. Madawati yalisukumwa pande mbili, watu wa huku ukutani upande wa kushoto, wageni kulia, na katikati pakaachwa nafasi yenye kiti kimoja. Ubaoni hesabu za watoto zilikuwa hazijafutwa. Harufu ya chaki ilichanganyika na ya makoti yaliyolowa ukungu.

Mratibu wa mradi alimvuta pembeni kabla hajaketi. Alikuwa mtu wa upande wa pili, mwembamba, buti zimejaa tope hadi kifundoni, sauti imekauka kwa mikutano. Mkalimani hakumchukia. Alishamwona siku moja akimbebea bibi wa watu gunia la makaa mteremko mzima, tena pasipokuwa na mtu wa kumpiga picha.

“Neno letu leo ni kupumzisha,” alimwambia kwa lugha ya kule. “Si kufunga. Malisho yatapumzishwa. Wakiuliza mpaka lini, ni mpaka majani yarudi.”

“Na majani yakirudi?”

Mratibu alitazama dirishani. Mlima haukuonekana, ukungu ulikuwa umeumeza. “Itapandwa miti. Ikishapandwa, kondoo hawarudi. Lakini hayo tutawaeleza pole pole, dada yangu. Wakiyasikia yote kwa siku moja watanyanyuka, na wakinyanyuka wafadhili watapeleka msaada kwenye mlima mwingine. Milima inayoporomoka iko mingi.”

“Mimi nafasiri kinachosemwa.”

“Najua. Kwa hiyo nami nitachunga ninachosema.”

Mkalimani alikwenda kuketi. Magoti yake yalikuwa yakinuka kondoo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mwenyekiti wa kijiji alikaribisha, mratibu akashukuru, wakapongezana kwa ujirani mwema kwa maneno marefu yasiyo na uzito, maneno ya aina ambayo mkalimani huyapitisha huku akipumzika. Mratibu akaeleza kuhusu matuta ya kuzuia maji, vitalu vya miche, mizinga ya nyuki kwa watakaopunguza mifugo. Akalitaja neno lake, kupumzisha, nalo likapita kwa wepesi. Wazee wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Mtu hupumzisha shamba, hupumzisha ng’ombe wa kulimia. Kupumzisha hakumtishi mtu.

Kisha akasimamishwa mama mmoja aliyeletwa na wageni. Mkulima, mnene kidogo, kitambaa cha kichwani kimefungwa haraka haraka. Hakujua aweke wapi mikono. Mwishowe aliishika ncha ya kitambaa akaanza, naye mkalimani akamfuata, sentensi kwa sentensi.

“Mimi sijui kusema mbele ya watu,” mkalimani alisema. “Nina shamba chini ya korongo. Masika iliyopita tulisikia kama lori linakuja, na kwetu hakuna barabara.”

Mama alikaza ncha ya kitambaa, akaendelea.

“Mimi nilikuwa nje. Mama yangu alikuwa ndani amelala, miguu ilikuwa inamuuma. Nilipogeuka sikuiona nyumba. Nilichimba kwa mikono. Nilichimba mpaka kucha zikatoka. Nilimpata kwa sababu ya nywele zake, zilikuwa nyeupe, na tope lilikuwa jeusi.”

Alisema hivyo kama alivyosema kila kitu, kwa uso usio wa mtu yeyote. Lakini alipofika kwenye nywele alimwona kaka yake. Kaka hakuwa akimtazama yule mama. Alikuwa akimtazama yeye, dada yake, anayesema kwa sauti ya nyumbani, kwa lugha waliyonyonya pamoja, kwamba alimchimbua mama kwa kucha. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Kisha akaufumba na kusimama.

“Mwambie pole,” alisema. “Mwambie pole kweli. Lakini kondoo wangu hawakuua mtu. Mvua ndiyo iliyoua, na mvua sikuileta mimi.”

Mkalimani akaipitisha kauli hiyo kwa nguvu ileile, kama alivyoagizwa. Yule mama aliinamisha uso.

“Na sasa niulize,” kaka aliendelea, akimgeukia mratibu. “Hilo pumziko lenu ni la muda gani?”

“Mpaka majani yarudi,” mratibu alijibu, mkalimani akafasiri.

“Yakirudi, nasi tunarudi?”

“Tutakaa tena tuzungumze.”

Hapo ndipo yule mama aliinua kichwa. Hakuyajua maneno ya kaka, lakini aliyaelewa ya mratibu, na uso wake ulijaa mshangao wa mtu mnyoofu.

“Mbona sisi ulituambia hawatarudi tena?” alimuuliza mratibu mbele ya wote. “Ulisema juu kule kutakuwa msitu, hata wajukuu zao hawatalisha pale. Mimi nilidhani wenzetu wanajua. Nimekuja kuwashukuru.”

Mratibu akageuka upesi. “Hilo usilifasiri,” alimwambia mkalimani.

Mkalimani alitazama pande zote mbili za darasa. Alimwona mwenyekiti akikuna kidevu. Alimwona yule mama, kitambaa kimelegea, asiyejua amefanya nini. Alijua kuwa akisema, mkutano utavunjika, na korongo litabaki kama lilivyo, na mvua zinakuja. Akinyamaza, watu watatia saini neno jepesi, na siku watakapopanda na kondoo wakakuta miche, hawatamtafuta mratibu.

“Amesema nini?” kaka aliuliza. “Dada. Amesema nini?”

“Mama amesema,” alianza, na papo hapo akajisahihisha, akashusha pumzi, akaianza upya kwa namna ya kazi yake. “Mimi niliambiwa hamtarudi tena. Niliambiwa juu kule kutakuwa msitu, hata wajukuu zenu hawatalisha pale. Nilidhani mnajua. Nimekuja kuwashukuru.” Akameza mate. “Na mratibu amesema nisilifasiri hilo.”

Dawati la kwanza lilianguka hata kabla hajamaliza.

*

Walimpongeza njia nzima ya kurudi. Watu ambao hawakuwahi kumpisha kisimani walimshika bega. “Redio imesema ukweli!” kijana mmoja alipaza sauti, wakacheka wote. Nyumbani wifi alimpakulia wa kwanza, kaka akamsogezea kigoda cha wageni.

“Damu ni damu,” kaka alisema huku akitafuna. “Walidhani wamekununua.”

Chakula kilimkaa mdomoni. Alikuwa akimfikiria yule mama. Wakati watu wanasukumana mlangoni, mama yule alimshika mkono, kiganja chake kigumu kama ganda, akamwambia, “Nilitaka kusema asante tu. Sikujua nitabomoa.” Na mratibu hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alikuwa akikusanya ramani zake sakafuni, zina alama za viatu, akamuuliza kwa sauti yake iliyokauka, “Mvua ikija huyu mama akalale wapi? Nifasirie na hilo.”

“Huli?” wifi aliuliza.

“Nimeshiba, wifi.”

“Umeshiba nini, na sahani imejaa?”

Kaka alimtazama, furaha ikaanza kumtoka taratibu. “Ulisema ukweli,” alimwambia, sasa kama anayebishana. “Kuna ubaya gani?”

“Sijasema kuna ubaya.”

“Basi kula.”

Akala. Miche haikuletwa, matuta hayakuchimbwa. Kondoo walipanda malisho ya juu kama kawaida, na kijiji kikaendelea na mambo yake, isipokuwa yeye aliyekuwa akiamka alfajiri na kulitazama wingu.

*

Mvua zilianza vizuri, za kumwagilia. Kisha zikaja zile nyingine. Paa lilipigwa usiku kucha na mchana kutwa, njia ikawa mto, gulio la mpakani likafungwa. Lilipofunguliwa tena, mkalimani alikwenda na kigoda chake akakuta nusu ya wauzaji wa kule hawapo. Muuza viazi ndiye aliyempa habari. Tope limeshuka tena. Korongo lilelile, ila safari hii limekwenda mbali zaidi. Kuhusu mama mnene kidogo mwenye shamba chini ya korongo, muuza viazi hakujua. “Wengi wako shuleni kwenye maturubai,” alisema. “Wengine bado hawajaonekana.”

Hakufasiri kitu siku hiyo. Alirudi na kigoda kichwani, akamkuta kaka amekaa mlangoni, koti linamchuruzika, mkono wake wa kulia umejaa udongo hadi begani.

“Tope limeshuka kule,” alimwambia.

“Najua.”

“Nani amekwambia?”

Kaka aliutazama mkono wake. “Nilipanda juu kuwatafuta kondoo waliotawanyika. Kuna ufa, dada. Umeanzia kwenye jiwe kubwa, umekwenda mpaka ukingoni mwa korongo, pale pale tunapolisha. Niliingiza mkono nikidhani nitagusa chini. Sikugusa.” Akajifuta kiganja kwenye koti. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake na taulo, hathubutu kumfunika. “Upande mmoja wa ufa umekwisha kwenda. Ndio uliowaangukia. Huu wa pili bado unaning’inia.”

Mkalimani aliweka kigoda chini. Alikuwa na maneno mengi, yote yake mwenyewe, yote makali.

“Njia ya juu inapitika?” kaka aliuliza.

“Ukienda taratibu. Unataka kwenda wapi?”

“Yule mama. Nataka kujua kama yupo.”

“Na ukimkuta utamwambia nini?”

“Sijui. Ndiyo maana nakuchukua wewe.”

“Mimi nafasiri kinachosemwa, kaka. Sina cha kukutungia.”

Kaka aliguna. Ilikuwa karibu na kicheko, lakini haikufika.

*

Waliondoka kulipopambazuka, wakavuka mgongo wa mlima katikati ya ukungu, yeye mbele kwa kuwa ndiye aliyeijua njia. Kaka hakuwahi kufika kule maishani mwake, ingawa kila siku alisimama na kondoo wake palipoonekana moshi wa majiko ya watu hao. Walipoanza kushuka alikuwa akisimama mara kwa mara, akitazama juu walikotoka, kisha chini, kana kwamba anapima jambo ambalo hakuwahi kulipima kutoka upande huu. Korongo lilikuwa jeusi na pana. Mashina yalitokeza kwenye tope yakiwa yamechunwa maganda, meupe kama mifupa.

Mratibu walimkuta nje ya shule, akifunga kamba za turubai. Alimtambua mkalimani, akamtambua na kaka, mikono yake ikakoma.

“Wafadhili wamesemaje?” mkalimani aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake mwenyewe.

“Wanasema watafikiria.” Alivuta kamba. “Huyu kaka yako amekuja kunipiga?”

Akamfasiria. Kaka alitikisa kichwa, akavua kofia, akaikunja.

“Mwambie,” alianza, “mwambie nimeuona ufa. Nitawaondoa kondoo wangu wote walio kwenye ufa, na wa jirani zangu nitawapigia kelele mpaka wawaondoe. Lakini kuna tambarare nyuma ya jiwe, ardhi yake ni ngumu, haina ufa. Pale siachii hivi hivi. Aje tupime pamoja, watu wake na wetu, tuone wapi panaponingʼinia na wapi pamesimama. Akija, aje na neno lake lote. Asije na nusu. Na mwambie pengine tutagombana tena.”

Mkalimani alisema yote, pamoja na ugomvi. Mratibu alisikiliza akitazama mlima badala ya kuwatazama wao.

“Nitakuja,” alijibu. “Sina fedha ya mche hata mmoja kwa sasa. Mwambie na hilo, ili asiseme nilimficha.”

Kisha akawaonyesha kwa kidole kule chini, penye miti michache iliyobaki. Yule mama yupo, alisema. Hataki kukaa shuleni. Kila siku anashuka kulekule.

Walimkuta anaosha mlango. Ulikuwa umeegemezwa kwenye mti, mlango wa mbao nzito wenye bawaba mbili za chuma, naye alikuwa akiusugua kwa konzi ya majani makavu na kuumwagia maji ya ndoo. Pembeni pote palikuwa tope tu, laini, limeanza kupasuka kwa jua. Hapakuwa na ukuta, wala msingi, wala alama ya mahali nyumba aliyoijenga upya ilipokuwa. Alipomwona mkalimani uso ulimfunguka. Alipomwona aliye nyuma yake ukajifunga tena.

Mkalimani alisimama mahali ambapo wote wawili wangeuona mdomo wake. Akangoja.

Kaka alitazama mlango. Alitazama mikono ya yule mama. Aliikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka mama yule akachoka kungoja, akaimwaga ndoo, akainama kuunyanyua mlango kwa upande mmoja. Ulimshinda. Kaka akasogea, akavua koti, akaushika upande wa pili. Mama alisita, kisha akakaza mikono yake.

Waliunyanyua. Maji yaliyobaki kwenye mbao yakachuruzika na kuwalowesha wote wawili. Wakaanza kutembea kupanda mteremko, mama kinyumenyume, kaka akimfuata hatua kwa hatua, na mkalimani akipita mbele kuondoa mawe njiani. Walipofika juu kidogo ya tope, mahali palipokuwa pakavu, wakasimama wakihema, mlango ukiwa bado mikononi mwao, kila mmoja akitazama upande wake, akitafuta pa kuuweka.